Naomba ushauri: kushika karambit kinyume
Wakuu, habari zenu. Nina miezi minane kwenye silat, sanaa ya kupigana ya Indonesia na Malaysia, na sasa mwalimu ametuingiza kwenye karambit, kile kisu cha Waminangkabau wa Sumatra kilichopinda kama ukucha wa chui. Tunatumia cha mbao. Ukikishika kinyume, ncha ikitokea upande wa kidole cha mwisho, kidole cha shahada kinaingia kwenye pete ya mpini. Hapo ndipo nateseka: pete inabana, ngozi ya fundo imechubuka, na mwenzangu akinidaka mkono nashindwa kukiachia. Nikishika kawaida nafika mbali zaidi, ila mwalimu hataki. Mliopitia silat au eskrima, ile sanaa ya Ufilipino ya kupigana kwa fimbo na visu, nivumilie au nitafute chenye pete pana? Na mkono mtupu mnauweka wapi, kifuani au shingoni? Natanguliza shukrani.