NOT IN inaniletea sifuri na najua kuna watu hawajalipa

kijana_kondele:
Wadau habari zenu, niko na databesi ndogo ya chama cha bodaboda hapa Kisumu, tebo ya wanachama iko na watu 84, ya malipo najaza kutoka meseji za M-Pesa. Nataka majina ya wale hawajawahi kutoa hata shilingi, nikaandika

`SELECT jina FROM wanachama WHERE id NOT IN (SELECT mwanachama_id FROM malipo);`

inaleta sifuri. Nikitoa NOT, waliolipa wanakuja vizuri tu. Subkweri (ile SELECT ya ndani ya mabano) peke yake nayo iko sawa. Niko hapa tangu jana jioni na mwenyekiti anataka orodha kesho, shida ni nini?

fundi_nakuru:
Hebu angalia kwa malipo ni rekodi ngapi mwanachama_id ni NULL.

kijana_kondele:
Ziko 3, kuna watu walituma pesa wakakosea namba ya mwanachama nikaacha hapo wazi

fundi_nakuru:
Basi ni hizo. NULL si sifuri, NULL ni "sijui". Chukua mwanachama wa 7, NOT IN inafunguka hivi: `7 <> 3 AND 7 <> 5 AND 7 <> NULL` (<> ni "si sawa na", 3 na 5 ni wale wako kwa malipo), hiyo ya mwisho jibu si ndio wala si la, na WHERE inapitisha ndio peke yake. Na ukifikiria databesi iko na haki, huyo mtu hajulikani alituma pesa anaweza kuwa ni huyu wa 7, sasa itaapa aje kwamba hajalipa? IN haisumbuki juu inatafuta mmoja tu wa kufanana, ikimpata imemaliza. Andika hivi:

`SELECT w.jina FROM wanachama w WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM malipo m WHERE m.mwanachama_id = w.id);`

Hapa kila mwanachama anaulizwa kama ako na risiti yake, ile ya NULL haishikani na mtu yeyote. Weka indeksi kwa mwanachama_id ili itafute haraka malipo yakiwa mengi.

dada_kakamega:
Na hizo w. na m. (majina mafupi ya hizo tebo mbili) usiwahi ziacha tafadhali. Ukitaja ndani ya subkweri safu haiko kwa malipo lakini iko kwa wanachama, databesi inachukua ya nje na hailalamiki hata kidogo. Mimi nilifuta tebo nzima kwa DELETE ya hivyo, niliumia sana.

kijana_kondele:
Majina 19 yamekuja!! Asanteni sana

fundi_nakuru:
Poa, lakini usimpe mwenyekiti bado. Kati ya hao 19 kunaweza kuwa na wale walikosea namba, na hao walilipa. Linganisha namba za simu kwanza.