Makao kwa mtoto mwenye ulemavu, Kisumu: faili hukwama wapi?

Mlezi, Kondele: Hamjambo. Mpwa wangu, miaka 12, ana mtindio wa ubongo. Tunamtafutia nafasi katika makao ya watoto, ila faili haisongi.

Jibu 1: Pole sana, dada. Mna ripoti ya tathmini ya ulemavu? Hutolewa katika hospitali iliyoidhinishwa, kama Jaramogi, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Jina lisipolingana na cheti cha kuzaliwa, mtarudishwa.

Jibu 2: Halafu mwende kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Makao humpokea kwa amri ya mahakama, na Sheria ya Watoto ya 2022 huyafanya kuwa njia ya mwisho. Kwa hiyo ripoti ya afisa huyo ieleze wazi kwa nini jamaa hawawezi: anavyolishwa, anavyogeuzwa usiku, dawa, nani hubaki naye. Ripoti nyepesi huahirisha kesi.