Naomba ushauri: unga unauzika lakini mtaji hautuni

Habari zenu wakuu. Mimi ni mama, niko Morogoro mjini, nasaga na kufungasha sembe. Mahindi nayatoa soko la Kibaigwa. Wateja ninao, hiyo sina shaka. Ila kila ikifika Januari napumulia mashine.

Nilivyochunguza, tatizo ni msimu. Mahindi yakivunwa bei inashuka, na hapo ndipo wenye mitaji wanajaza maghala. Mimi nanunua gunia chache chache mwaka mzima, kwa hiyo masika yakikaribia nanunua ghali na kuuza bei ileile ya mwenye stoo iliyojaa. Juu yake kuna umeme wa LUKU, usafiri, na maduka yanayochukua mzigo kwa mali kauli halafu yanalipa yanavyojisikia. (Shemeji zangu wawili wamo humo, hao tuwaache.)

Sasa nafikiria mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Hauna riba, lakini ni wa kikundi, na mimi watu wa kufa na kuzikana nao kibiashara sina. Mikopo ya simu sitaki hata kuisikia, marejesho yake hayasubiri unga uuzwe.

Waliowahi kuupata: pesa hutoka kabla ya mavuno au baada? Mwenzenu mmoja akikwama marejesho mlifanyaje? Na mwenye mbinu ya kuyabana maduka bila kupoteza wateja, tafadhali anisaidie.