Serikali ikituchungulia, kortini kwafaa nini?

Mzee wa Kibokoni: Jana barazani kahawa ilipoa vikombeni kwa ubishi huu. Mimi nasema twende kortini. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha, mpaka ya simu zetu, na cha 22 chamruhusu yeyote kushtaki kwa niaba ya wenzake. Huduma Namba mwaikumbuka, ule mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu kwa namba moja? Wanubi walikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2020 majaji wakapiga marufuku ukusanyaji wa DNA, yaani chembe za urithi, na GPS, yaani mahali hasa watu wanapokaa. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi: serikali ilianza bila kupima kwanza hatari kwa data, kama itakavyo sheria ya 2019 ya kulinda data.

Tuktuk Likoni: Maneno matamu, mzee. Mimi 2019 nilipanga foleni kwa chifu tangu alfajiri, vidole vyote kumi vikachukuliwa. Hukumu ilipotoka, nilirudishiwa hata kimoja? Mwakimbiza jahazi lishang'oa nanga.

Mama Kisauni: Na kuna kesi tulizoshindwa nusu. Sheria ya usalama ya 2014, CORD, muungano wa upinzani wa wakati ule, walipoipinga, Februari 2015 majaji walifuta vifungu 8. Kile cha kunasa mawasiliano kuzuia ugaidi kikabaki! Haya, mshukiwa ni nani huku kwetu? Kijana wangu akivaa kanzu akaenda Ijumaa msikitini, mimi roho juu mpaka arudi.

Abuu Bamburi: Nawe mama, Kikambala 2002 umeisahau? Hoteli ililipuliwa, watu wakafa, wengi wao Wakenya. Wacha wasikilize simu. Nisichotaka ni wasikilize bila idhini ya jaji, basi.

Mzee wa Kibokoni: Abuu, hapo tumekutana, maana bila kesi huyo jaji utamuuliza lini?

Tuktuk, nawe vidole vyako wamevichukua, sikatai. Je, DNA walikuchukua? Hawakuchukua, kwa sababu 1 Aprili 2019, kesi ikiwa bado mbichi, mahakama ilitoa amri ya muda kuizuia. Kinachobana ni wakati: mawakili waombe amri hiyo kabla mashine hazijawashwa, wasingoje hukumu. Na amri ile ile ilisema kujiandikisha si lazima. Foleni ile ya alfajiri ulipangwa na chifu, mwanangu, si sheria.

Tuktuk Likoni: Sasa mbona hakuna alotwambia?