Kasida inafika asilimia 99 inagoma, naombeni msaada

MwanaNgamiani: Wakuu habari za jioni, nimerekodi kasida za watoto wa madrasa hapa Ngamiani, faili la dakika 6, nikipandisha kwenye tovuti yetu kamstari kanaenda vizuriii mpaka 99 halafu inaandika imeshindikana, bando linaisha na ustadhi ananiuliza kila tukitoka kuswali. Ni mtandao au?

FundiChumbageni: Wav au mp3? Na ukubwa?

MwanaNgamiani: Wav mkuu, MB 61. Nilibadilisha jina nikaweka .mp3 mwishoni, wapi!

FundiChumbageni: 😂😂 Hapo umembadilisha kanzu tu, mtu ni yule yule. Wav ni sauti isiyobanwa, ya stereo inakula kama MB 10 kwa dakika. Ifungue kwenye Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, uitoe kama mp3 (sauti iliyobanwa) ya kbps 128, itashuka chini ya MB 6. Na mtandao sidhani, ungekuwa mbovu ingekatika popote njiani sio mwishoni kila mara, hiyo ni seva inakataa mzigo.

BintiPangani: Kama tovuti imeandikwa kwa PHP, lugha ya kuprogramu tovuti, mwambie aliyewatengenezea aangalie upload_max_filesize, yaani kikomo cha faili moja, isipoguswa inakuwa MB 2 tu, na post_max_size, kikomo cha mzigo wote unaotumwa kwa mara moja, MB 8, apandishe zote mbili. Halafu jina la faili lisiwe na nafasi wala ile alama ya ng', mie ng'ombe alinitesa kutwa nzima

MwanaNgamiani: Jamaa wa tovuti kaweka MB 20, nami nimelibana faili kuwa mp3, imepandaaa! MB 5.5. Ustadhi kashaanza kuitupia kwenye magrupu yote