Naombeni ushauri: Under the Udala Trees niipeleke kwenye kundi letu la kusoma au niache?

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Nimemaliza Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta, ile riwaya ya 2015 ya Ijeoma na Amina, wasichana wa Nigeria wanaopendana kipindi cha vita vya Biafra, mmoja Muigbo Mkristo mwingine Mhausa wa kwa Waislamu, yaani hapo moto unawaka pande zote. Sasa mwezi ujao zamu ya kuchagua kitabu ni yangu na kundi letu ni mchanganyiko, kuna mama mchungaji humo, kuna dada zangu wa hijabu, na wote nawaheshimu kwelikweli.

Kilichonikamata mimi sio hata mapenzi, ni yule mama yake Ijeoma. Anamkalisha binti chini na Biblia, wanaanza na Mwanzo, mara Sodoma, mara Walawi, binti anauliza maswali mama hana majibu anabaki kurudia tu kwamba ni machukizo. Na wala hamchukii mwanae, anaogopa, mume alishauawa kwenye mabomu ya ndege na huyu mtoto ndo kabaki peke yake. Ila ile ndoa ya Ijeoma na Chibundu, yule mwanaume anayekuja kumuoa, naona imevutwa mno, halafu mama anavyokuja kulegea mwishoni nikaona kama haraka hivi, au ni mimi tu?

Mliosoma, mliuonaje ule mwisho? Na mngeanzia sura zipi kwa watu wa dini ili kikao kisivunjike, au nichague tu kitabu kingine?