Wakazi tunapinga kiwanda kinachopendekezwa: hoja zipi zina uzito?

Swali: Ndugu wadau, kuna pendekezo la kujenga kiwanda cha kemikali kando ya mto tunaoutegemea kwa kunywa na kunyweshea mifugo. Tuanzie wapi?

Jibu: Ombeni kwa maandishi ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, mkasome hasa sura ya maji taka na ile ya maeneo mbadala, ambayo mara nyingi huandikwa kwa haraka. Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio la mwaka 1992, tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, inataka wananchi wapate taarifa na nafasi ya kushiriki katika maamuzi.

Jibu: Pimeni maji ya mto na visima sasa, kwani bila vipimo vya awali ni vigumu kuthibitisha uchafuzi baadaye.

Muulizaji: Ahsanteni. Baadhi ya majirani wanatamani ajira.

Jibu: Wana haki, ulizeni ngapi ni za kudumu.